Mwizi Aliyemlilia Mama Yangu

Wiki jana niliishia mlangoni pa ofisi ya chuo, vumbi la siku sita miguuni, na karani ananiambia kwamba Sedekia Mwaisumo wa Tanganyika keshafika tangu mwaka juzi, yuko darasani anasoma.

Sedekia Mwaisumo ni mimi.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa sukari kabla hajalisoma, nitasema kwa kifupi. Nilianza kujifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na moja, darasa la jioni pale Iyunga, Mbeya, nikitoka moja kwa moja kwenye kibarua cha barabara. Benchi moja nilikaa na Ambrosi Kalinga, Mhehe wa Ilula, yatima, aliyekuwa akila kwa mama yangu mpaka majirani wakadhani ni wa kwetu. Baada ya miaka minne ikaja barua. Nimekubaliwa chuo cha ualimu cha misheni, huku Rodeshia ya Kaskazini. Barua ile ikapotea ndani ya nyumba, pamoja na barua yangu ya kanisa. Wiki hiyohiyo Ambrosi naye akapotea.

Nikamfuata. Nilijiandikisha kwa wanaopeleka watu migodini ili nipate kupanda lori lao, nikaumaliza mkataba wangu chini ya ardhi, nikatoka, nikatembea. Hivyo ndivyo nilivyofika pale mlangoni mwaka 1955.

"Na wewe jina lako nani?" karani akauliza.

Kabla sijajibu nilimwona Ambrosi mwenyewe akivuka uwanja, suruali nyeupe, vitabu kwapani. Akaniona. Akasimama kama mtu aliyekanyaga msumari.

Ningeweza kupiga kelele pale pale. Sikupiga. Mwindaji hamwiti mnyama kwa jina lake.

"Naitwa Ambrosi Kalinga," nilimwambia karani. "Natafuta kazi yoyote."

Nikaajiriwa jikoni.

Naungama leo kwamba huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza nikiwa nchi ya watu, na niliusema bila ulimi kuteleza.

Nikaanza kuzoea. Ugali wao ulikuwa laini kuliko wa kwetu, na kitoweo siku nyingine kilikuwa viwavi waliokaushwa, ambao niliwameza mwezi wa kwanza nikiwa nimefumba macho. Nilijifunza kuchutama na kupiga makofi polepole ninapomsalimia mkubwa. Wanawake wa jikoni waliniita Tanganyika, wakanicheka kwa jinsi nilivyosonga, wakisema nasonga kama mtu anayepigana na mwizi.

Walikuwa hawajui walivyosema kweli.

Chuo kile kilikuwa na desturi yake. Wanafunzi wa ualimu walijizoeza kufundisha kwa kutufundisha sisi vibarua, saa kumi na moja jioni, katika banda la useremala. Nilijiandikisha siku ileile niliyoajiriwa, maana kiu yangu ya kusoma ilikuwa haijakatika. Jioni ya kwanza mlango ukafunguliwa, akaingia mwalimu.

Alikuwa Ambrosi. Akaandika ubaoni jina la mwalimu, kama ilivyotakiwa. Akaandika Sedekia Mwaisumo.

Kisha akasoma orodha. Alipofika kwa Ambrosi Kalinga akalitaja jina lake mwenyewe kwa sauti ndogo.

"Nipo, mwalimu," nikaitika.

Fikiria mambo hayo. Mtu amekuibia jina, amelivaa, halafu anasimama mbele yako kukufundisha kusoma kitabu ambacho mlikisoma pamoja Iyunga, na wewe ulikuwa ukimpita. Kila aliponisomesha nilisoma bila kosa, nikimtazama usoni. Wenzangu walishangaa. Mmoja akasema kwamba mpishi anamfundisha mwalimu, darasa zima likacheka, na Ambrosi akacheka nao huku jasho likimtoka.

Lakini lililoniuma kuliko darasa lilikuwa kanisa.

Yeye alibatizwa Mkatoliki kwao Ilula. Mimi ni mtoto wa misheni ya Kimoraviani. Kwa barua yangu ya kanisa alipokelewa mezani pa Bwana kama mimi. Na mimi, niliyejiita Ambrosi, nikaambiwa kwa upole na wazee wa kanisa kwamba Mkatoliki atakaa benchi la nyuma mpaka afundishwe upya. Kila Jumapili ya meza nilikaa nyuma pale, nikamwona akila mkate wangu. Mara moja mkono wake ulipanda kufanya ishara ya msalaba kwa mazoea ya utoto, akaushtukia njiani, akajikuna kidevu.

Mimi peke yangu ndiye niliyeona. Sikucheka.

Nilipiga magoti karibu na pipa la unga nikaomba. Wengine huomba chakula, wengine uzima. Mimi niliomba apatikane na jambo moja tu, kubwa, lisilo na mlango wa kutokea. Niliomba hivyo kila asubuhi kwa miezi saba, na kila nilipomaliza nilisema amina kwa moyo mweupe kabisa. Hiyo ndiyo dhambi ninayowaeleza. Ningekuwa na mashaka, ingekuwa nafuu.

Mwezi wa nane tangu niajiriwe, simu ya maandishi ikaja chuoni; nyumbani walijua ndiko nilikokwenda.

Mkuu wa chuo, mzungu mzee aliyewahi kuhubiri Tukuyu na aliyesema Kiswahili kama sisi, aliisoma kanisani baada ya wimbo. Alisema mwenzetu Sedekia Mwaisumo amefiwa. Mama yake, Tusekile, amefariki na amekwisha kuzikwa.

Nilikuwa nimesimama nyuma, nikisubiri kutoka kwenda kuwasha moto wa chai.

Benchi zote ziligeuka kumtazama Ambrosi. Akainama, mabega yakaanza kupanda na kushuka, akalia kwa sauti. Wakamzunguka. Wakamshika mikono. Nikasema moyoni, tazameni, hata machozi anayajua.

Jikoni tukaagizwa chai ya msiba. Niliipika mimi. Niliyatia majani katika maji ya kumlilia mama yangu, nikabeba birika mpaka chumba walichomkalisha mwizi kitini, shuka nyeusi mabegani. Watu walikuwa wanapita mmoja mmoja kumpa pole, na zamu ikanifikia, na wote wakawa wananitazama, kwa kuwa mimi ni mtu wa nchi yake.

"Pole kwa kufiwa na mama," nilimwambia.

Alinishika mkono akakataa kuuachia, mpaka nikaung'oa.

Nikatoka. Nilikwenda nyuma ya ghala la kuni, nikachuna utepe wa gome la mti, nikajifunga tumboni chini ya shati. Sisi Wanyakyusa mtu akifiwa hujifunga hivyo, maana uchungu hulitetemesha tumbo na lazima lishikwe. Nilikuwa bado nakaza fundo niliposikia mtu akikohoa.

Alikuwa Ikupa, mke wa fundi seremala wa chuo, mwanamke wa Rungwe aliyeolewa huku. Alikuwa amefuata maranda. Akaliangalia lile gome, kisha akaniangalia mimi.

"Mhehe hafungi hivyo," alisema. "Na yule aliyeko kitini hajafunga kitu. Nimemtazama tangu asubuhi. Wewe ni wa nani?"

Miezi saba sikuwa nimesikia swali hilo. Nikamwambia wa nani. Nikamwambia yote, nikiwa nimeegemea kuni, na yeye akafunga mikono kifuani akasikiliza mpaka mwisho. Akaniambia niende kwa Mkuu sasa hivi, niseme.

Nikakataa. Nilimwambia kwamba nikisema, mzungu atamfukuza tu, atarudi Ilula kulima mahindi yake, basi. Hilo lilikuwa dogo kwangu. Nilitaka kubwa.

Na hapohapo nikaliona lile jambo nililoliombea.

Matanga ya mama hayavunjwi mpaka mtoto wa kwanza, ambaye ni mimi, afike anyolewe. Ndugu zangu wawili, Gideoni na Saulo, walikuwa kwenye dhahabu ya Chunya siku zile Ambrosi alipokuwa akila kwetu. Hawamjui kwa sura. Lakini wanamjua kwa jina na kwa tendo. Saulo ni mtu wa kanisa, atamsikiliza hata shetani mpaka amalize sentensi. Gideoni ni mwingine. Gideoni aliapa mbele yangu, panga likiwa juu ya goti, kwamba akimpata aliyeniibia jina hatamwuliza neno.

"Mama," nilimwambia Ikupa, "mweleze Mkuu desturi yetu. Mwambie Sedekia lazima aende Mbeya kunyolewa."

"Nitamweleza," akasema, "kwa sababu ni kweli. Mtoto wa yule mama lazima aende. Nani ataondoka, hilo mtajua ninyi na Mungu."

Mkuu alikubali. Lori la mfanyabiashara mmoja lingepita Jumamosi kwenda Mbeya na shehena, siku nne njiani. Sedekia atapewa nafasi.

Niliimba siku ile nikiosha masufuria.

Alhamisi, mchana mweupe, Ambrosi akaja jikoni. Wanawake walikuwa kisimani. Alisimama mlangoni kama tulivyosimama sisi vibarua tukitaka ruhusa.

"Kaka Sedekia."

"Sedekia ni wewe," nikamjibu. "Kaa. Menya hivyo vitunguu. Mfiwa akilia kwenye vitunguu hakuna atakayemwuliza."

Alikaa kweli, na suruali yake nyeupe, juu ya kiroba. Akamenya. Nilimwacha amenye vitatu, vinne, nikimtazama kwa raha ambayo hata sasa naionea haya.

Akasema kwamba akienda Mbeya ndugu zangu watamwua. Nikasema ndiyo. Akasema nikimwambia Mkuu ukweli, jina langu litarudi siku hiyohiyo. Nikasema sina haraka, nimelikosa miaka miwili, siku nne si kitu.

"Hukuniuliza hata siku moja niliipataje ile barua," akasema.

"Mwizi haulizwi hivyo. Huulizwa ameiweka wapi."

"Alinipa mama."

Nilikuwa na mwiko mkononi. Nilimpiga nao begani. Hakujikinga.

"Alinipa mama yako, Sedekia. Wewe ulikuwa barabarani. Aliitoa kwenye pindo la kaniki, akaniwekea mkononi, akanifungia na kuku wa kula njiani. Nilimwambia siwezi. Akasema baba yenu alikwenda kusini kwenye migodi akiwa amevaa shati jipya, na hata shati halikurudi. Akasema hatatoa wa pili."

"Mwongo."

"Akasema, 'Nenda wewe. Wewe mama yako keshakufa, hakuna atakayekulilia.'"

Mwiko ulinitoka mkononi.

Msomaji, mtu anaweza kuiba barua. Anaweza kuiba jina. Lakini namna mtu anavyosema haiwezi kuibwa. Ile ilikuwa sauti ya mama yangu. Hakuwa na maneno laini. Hata akikupenda alikuwa akikupiga nayo. Nilijua pale pale kwamba ni kweli, kama unavyoujua mlango wa nyumba yenu gizani.

"Sasa mimi ndiye niliyemlilia," Ambrosi akasema. "Tangu nizaliwe hakuna aliyenitoa kafara wala kunipa kitu. Yeye alinifanyia yote mawili siku moja."

Mngetegemea niseme kwamba moyo wangu ulilainika. Haukulainika. Hasira yangu ilikosa pa kusimama, ikatafuta pengine. Nilimkasirikia maiti. Nilikasirika kwamba amekufa kabla sijamwuliza, kwamba siku zile zote kabla sijaondoka alikuwa akinitazama nikilia na kuapa, na akasonga ugali kimya. Na kwa kuwa yeye nilikuwa simpati tena, nikampakia deni lake lote huyu aliyekaa mbele yangu na vitunguu.

"Ungekataa," nikamwambia.

"Ningekataa mimi? Nilikuwa sijawahi hata kuandikiwa barua."

"Basi nenda Mbeya ukamshukuru."

Akaweka kisu chini taratibu, akapangusa mikono, akatoka.

Jumamosi asubuhi niliitwa ofisini. Ambrosi alikuwa amekwisha kukaa mle, kanzu imepigwa pasi, kijisanduku miguuni. Macho yake yalikuwa mekundu lakini uso umetulia, na utulivu ule uliniudhi. Lori lilikuwa linanguruma nje.

Mkuu akanieleza kwamba msafiri anahitaji cheti cha kuvukia mpaka, na mtu wa nchi yake atie sahihi kuwa anamfahamu. Akanisogezea karatasi. Akaweka vidole juu yake kabla sijaishika.

"Unamjua huyu?"

"Namjua."

"Ni Sedekia Mwaisumo, mtoto wa marehemu Tusekile?"

Kwa hiyo njia ilikuwa hiyo. Nikisema siye, nachukua jina langu, napanda lori lile mimi, nakwenda kunyolewa kwenye matanga ya mama yangu. Nikisema ndiye, namtupa mama yangu kwa mtu mwingine, ila mtu huyo anakwenda moja kwa moja kwenye goti la Gideoni.

Ambrosi hakunitazama. Alitazama mikono yake.

"Ndiye," nikasema.

"Una hakika?" Mkuu akauliza, kwa sauti ya chini.

"Nina hakika. Nilikula kwao."

Nikatia sahihi: Ambrosi Kalinga. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, herufi zimesimama, kama nilivyofundishwa Iyunga.

Nilimbebea kijisanduku mpaka kwenye lori. Watu walikuwa wanaona, na mpishi hubeba. Alipanda juu ya magunia, akainama kunishukuru, kisha akaniuliza jambo dogo, kwa adabu, kama mgeni yeyote anayekwenda kwa watu asiowajua.

"Ndugu zako hao. Nikifika nianze kumsalimu nani?"

Ningesema Saulo. Jina lenyewe ni jepesi mdomoni. Saulo angemkalisha, angempa maji, angemsikiliza.

"Gideoni," nilimwambia. "Anza na Gideoni. Usimpite kwenda kwa mwingine, ataona umemdharau. Na umtajie jina mapema."

"Asante, kaka," akasema.

Lori likaondoka. Nilirudi jikoni nikasonga ugali wa watu mia na ishirini, na sikuchoka.

Saa kumi na moja nilikwenda banda la useremala kama kawaida. Mwalimu hakuwepo, bila shaka. Vibarua tulikuwa tunasubiri tutawanywe. Badala yake akaingia Mkuu mwenyewe, akawaruhusu wote waende, akanipungia mkono nibaki. Mlangoni nilimwona Ikupa akipita na maranda yake, hakuangalia ndani.

Mkuu akakaa kwenye benchi la wanafunzi, si kwenye kiti. Akatoa karatasi mbili mfukoni, akaziweka mbele yangu.

"Keti, Sedekia," akasema.

Nilikaa.

Karatasi ya kwanza ilikuwa barua yangu ya kanisa, imechakaa kwenye mikunjo. Ya pili ilikuwa imeandikwa mkono wa Ambrosi.

"Alikuja kwangu leo alfajiri," Mkuu alisema. "Amekiri yote. Barua, jina, meza ya Bwana. Nikamwambia asiende, nitakupeleka wewe. Akakataa. Anasema yule mama alimtuma, na atakwenda kuwaambia watoto wake kwa mdomo wake mwenyewe kwamba mwizi ni yeye, marehemu asitajwe. Anataka wakuvunjie matanga mkiwa na amani, wewe ubaki usipoteze mwaka wa masomo."

Nikamwuliza kwa nini basi aliniita asubuhi kutia sahihi.

"Nilitaka wewe mwenyewe ukatae. Ningemshusha hapo hapo kwenye lori." Alikunja karatasi ya Ambrosi. "Yeye alisema hutakataa. Alisema una hasira, na ni haki yako, na akaniomba nisikuhesabie. Nimeahidi. Jumatatu utaingia darasani kwa jina lako. Jumapili ijayo utakuja mezani."

Nilipewa yote, msomaji. Kila kitu nilichokitamani kwa miezi saba kando ya pipa la unga, jina, darasa, mkate, kiliwekwa mbele yangu juu ya benchi lile, bila kupungua hata kimoja. Hata lile jambo kubwa lisilo na mlango wa kutokea. Lilikuwa juu ya magunia, limevaa kanzu safi, linajikumbusha njiani kwamba lianze na Gideoni.

Mkuu alisimama aondoke.

Nikamwuliza lori lile linalala wapi leo, na kama mtu wa miguu anaweza kulikuta kabla halijaondoka.

Akageuka mlangoni, akavua miwani.

"Kwa nini unauliza?"